Sura ya 6: Mshale Unasema Nusu Tangi, Gari Limezima

Swali hili halikauki gereji wala vijiweni: mshale ulikuwa unaonyesha nusu tangi, iweje gari lizime katikati ya barabara kwa kukosa mafuta? Lina pacha wake, nalo huulizwa vilevile: tangi limejazwa hadi pampu ya kituoni ikajikata yenyewe, mbona mshale umelala chini utadhani hakuna kilichowekwa?

Wenye magari wengi hupewa jibu moja kwa maswali yote mawili. Fundi huchungulia dashibodi, huwasha swichi na kuizima mara mbili, kisha hutoa hukumu: "Bosi, floti imekufa hiyo. Katafute pampu nzima." Bosi huenda Gerezani kama yuko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, hupatana bei, hurudi na mzigo wake, pampu inafungwa. Kesho yake mshale uko palepale. Hela imekwenda na tatizo limebaki.

Swali ambalo lingemwokolea hela hiyo ni fupi: "Fundi, umepima?" Sura hii inaeleza kinachopimwa, kwa kifaa gani na kwa mpangilio upi. Vinavyohitajika ni mita ya umeme ya bei ya kawaida, balbu ndogo ya gari, na subira ya kuufuata waya kutoka tangini hadi kwenye dashibodi.

Mshale hauoni mafuta

Magari ya mwanzo hayakuwa na utata huu. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na geji ya mafuta. Tangi lilikuwa chini ya siti ya mbele. Dereva alinyanyua siti, akafungua kifuniko, akatumbukiza kijiti na kuangalia kimelowa hadi wapi. Volkswagen Beetle nazo zilikwenda bila geji hadi 1961. Zilikuwa na koki ya akiba: injini ikianza kukwama, dereva aliizungusha koki kwa mguu, akapata takriban lita 5 za kumfikisha kituoni. Pikipiki nyingi za bodaboda zina koki ya aina hiyo mpaka leo.

Kijiti na koki vilishughulika na mafuta yenyewe. Geji ya umeme hupima kitu kingine, na hapo ndipo matatizo yote ya sura hii yanapoanzia.

Ndani ya tangi kuna boya, kama lile la simtanki la maji: mafuta yakipanda nalo linapanda, yakishuka nalo linashuka. Boya limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Upande wa pili wa mkono huo kuna vidole vidogo vya chuma laini, ambavyo huteleza juu ya kibao chenye mistari myeusi iliyochapwa. Mistari hiyo ina ukinzani, yaani huuzuia umeme usipite kwa wepesi. Ukinzani hupimwa kwa omu, na mita yoyote ya umeme inaweza kuusoma. Boya likiwa juu, umeme unapita sehemu fupi ya mstari. Likishuka, unapita sehemu ndefu. Kifaa hiki kizima, yaani boya, mkono, vidole na kibao, mafundi hukiita floti, na ndivyo kitakavyoitwa hapa.

Kutoka kwenye floti, waya mmoja huenda hadi kwenye dashibodi. Waya mwingine, unaoitwa ethi, huurudisha umeme kwenye bodi ya gari na hatimaye kwenye hasi ya betri. Dashibodi inachojua ni idadi ya omu zilizo kati ya waya hizo mbili. Mengine yote ni kukisia.

Omu hizo hutofautiana kwa aina ya gari:

- Toyota Land Cruiser na Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990: karibu omu 3 tangi likijaa, 32 likiwa nusu, 110 likiisha.
- Corolla za miaka ya karibuni: karibu omu 15 likijaa, zaidi ya 400 likiisha.
- Mfumo wa Kizungu wa VDO, unaopatikana kwenye mitambo na baadhi ya magari ya Ulaya: omu 10 likiisha, 180 likijaa.

Msomaji makini ataona kwamba mfumo wa tatu umegeuzwa. Kwenye Toyota hizo, omu nyingi maana yake tangi tupu; kwenye VDO, omu nyingi maana yake tangi limejaa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ubovu mdogo utamkera dereva tu au utamlaza njiani.

Ichukuliwe Hilux ya zamani ambayo ethi yake imeshika kutu, na kutu hiyo imeongeza omu 30 njiani. Tangi limejaa, floti inatoa omu 3, lakini dashibodi inasoma 33. Mshale unakaa nusu. Dereva atalalamika kwamba ameibiwa kituoni, lakini hataishiwa mafuta, kwa sababu geji inampunja. Kutu hiyohiyo ikiingia kwenye gari la mfumo uliogeuzwa, mshale utaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyopo, na siku moja gari litazima huku geji ikiwa na matumaini.

> Kwa kifupi: Geji hupima ukinzani wa umeme, na ukinzani huo unaweza kubadilika hata kama mafuta hayajabadilika. Ubovu unakaa katika mojawapo ya sehemu nne: floti, waya, ethi au dashibodi.

Tabia ambazo si ubovu

Kabla ya kugusa chochote, yapo mambo ambayo geji nzima kabisa huyafanya na wenye magari huyaona kama ugonjwa.

La kwanza ni mshale kuganda kwenye F. Tangi likijaa pomoni, boya hugota juu na haliwezi kupanda tena ingawa mafuta bado yanaongezeka. Lita za kwanza kutumika haziuondoi mshale mahali pake.

La pili ni nusu ya juu kudumu kuliko nusu ya chini. Matangi ya magari madogo hayana umbo la boksi. Yamekunjwa kupisha ekseli, bomba la moshi na siti ya nyuma, kwa hiyo sentimita moja ya mafuta kwa juu inaweza kuwa na lita nyingi kuliko sentimita moja kwa chini. Dashibodi za kisasa hujitahidi kusahihisha jambo hilo, na hazifanikiwi sawasawa.

La tatu ni mteremko. Gari likiegeshwa pua ikiangalia juu, mafuta hukimbilia nyuma na boya hudanganyika. Geji isomwe gari likiwa mahali tambarare.

La nne huwapata wanaoweka mafuta kidogokidogo. Magari mengi ya karibuni hupuuza mabadiliko madogo ili mshale usichezecheze kila mafuta yanapotikisika kwenye kona. Dereva akiongeza lita 2 au 3, dashibodi inaweza kukaa kimya. Akijaza huku swichi iko ON, baadhi ya magari hayatambui nyongeza hiyo mpaka yazimwe na kuwashwa tena.

Taa ya akiba nayo ina siri yake. Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa hiyo ina sensa yake yenyewe ndani ya tangi: punje ndogo ambayo mafuta huipoza. Mafuta yakishuka, punje inabaki hewani, inapata joto, ukinzani wake unapungua na taa inawaka. Haina uhusiano na boya. Hivyo basi, mshale ukisema nusu na taa ikawaka, taa ndiyo ya kuaminiwa. Kwenye magari mapya, mara nyingi taa na mshale hupata habari kutoka floti ileile. Floti ikidanganya, vyote viwili vinadanganya pamoja.

Mshale unachokisema kwa tabia yake

Mshale mbovu hauharibiki ovyo. Namna unavyokosea huonyesha pa kuanzia. Orodha hii ni ya magari yaliyo mengi barabarani Afrika Mashariki, ambayo omu nyingi humaanisha tangi tupu:

1. Umelala E siku zote. Njia imekatika mahali: waya, plagi, ethi, au mstari wa kibao. Au boya limetoboka na kuzama.
2. Umeganda F siku zote, hata gari likizima kwa kukosa mafuta. Waya wa floti umechunika na kugusa bodi, au mkono wa boya umenasa juu.
3. Unaruka ghafla, hasa kwenye matuta. Plagi imelegea, au vidole vimepoteza mguso mzuri na kibao.
4. Ni mzima tangi likijaa, unachanganyikiwa chini ya robo. Kibao kimelika sehemu moja. Anayeweka mafuta ya hela kidogo kila asubuhi huvifanya vidole visugue eneo lilelile, kati ya E na robo, mwaka mzima.
5. Unapungukiwa kila mahali, tangi likijaa unafika robo tatu. Ethi chafu, au floti isiyo ya gari hilo.
6. Umekufa pamoja na mshale wa joto la injini. Fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi ya ampea 10 iliyoandikwa GAUGE hulisha mishale yote miwili. Kifuniko cha boksi la fyuzi kinaonyesha ilipo.

Namba 6 ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu fyuzi ni rahisi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha, na kuichomoa na kuikagua ni kazi ya dakika moja.

Kupima bila kufungua tangi

Vitz, IST, Probox na magari mengi madogo ya Japani yana kifuniko cha bati chini ya siti ya nyuma. Siti ikinyanyuliwa na kapeti kufunuliwa, kifuniko hicho hutoka kwa bisibisi, na chini yake kinaonekana kichwa cha pampu kikiwa na plagi ya waya. Floti ya magari haya imefungwa ubavuni mwa pampu, ndani ya tangi. Plagi iko nje, na vipimo vyote vya awali hufanyika hapo huku tangi likiwa limefungwa.

Kazi hii ifanyike nje au mahali penye upepo, pasiwe na sigara wala moto, na harufu kali ya petroli ikisikika kabla ya kuanza, kazi isimame mpaka uvujaji upatikane.

*Hatua ya kwanza: macho.* Plagi ichomolewe na pini zake ziangaliwe. Vumbi na maji ya kuosha gari hujikusanya chini ya siti hii, na pini zenye ukungu wa kijani ni jambo la kawaida. Zisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia mitambo ya umeme, zikauke, plagi irudishwe mpaka ilie. Matatizo mengine huishia hapa.

*Hatua ya pili: ethi.* Swichi ikiwa imezimwa, mita iwekwe kwenye omu. Ncha moja iguse pini ya ethi upande wa plagi inayotoka kwenye gari, ncha ya pili iguse chuma kitupu cha bodi. Usomaji unatakiwa uwe karibu na sifuri. Ukiwa omu 10, 20 au zaidi, mkosaji ameonekana: ni boliti ya ethi iliyoshika kutu au waya uliochanika. Hapo ni kusugua, kukaza na kupaka grisi. Hakuna cha kununua.

*Hatua ya tatu: floti yenyewe.* Ncha za mita sasa ziwekwe kwenye pini za floti, upande wa tangi. Mita itoe omu zinazolingana na mafuta yanayojulikana kuwemo. Kisha mtu mmoja ashike bodi na kulitikisa gari kushoto na kulia. Namba kwenye mita zinatakiwa zipande na kushuka taratibu kadiri mafuta yanavyosukwasukwa. Zikiruka kutoka 60 hadi alama ya "hakuna njia" na kurudi, kibao kimelika. Zisipotikisika kabisa, boya limenasa.

*Hatua ya nne: balbu.* Kipimo hiki ni cha magari ya zamani yenye geji ya kawaida, na vitabu vya ufundi vya Toyota vimekielekeza kwa miaka mingi. Balbu ndogo ya wati 3.4, ya aina inayowasha taa za dashibodi, huunganishwa kati ya pini ya mshale na pini ya ethi upande wa gari. Balbu ikishakaa vizuri ndipo swichi iwekwe ON, ili cheche isitokee karibu na tangi. Balbu itawaka hafifu. Mshale nao utaanza kunyanyuka kuelekea F, polepole mno kiasi kwamba fundi asiye na subira atasema hakuna kitu na kuchomoa. Ndani ya geji hizo kuna mafuta mazito ya silikoni yanayouzuia mshale kuchezacheza, kwa hiyo uachwe dakika moja au mbili.

Mshale ukipanda, dashibodi na waya ni vizima, na ubovu uko ndani ya tangi. Usipopanda, floti haina hatia. Kitafutwe kitu kati ya plagi na dashibodi. Kwa magari mapya ambayo dashibodi yake ni kompyuta, balbu au waya mtupu visitumike. Hutumika kipande cha ukinzani chenye omu zilizoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo.

> Kwa kifupi: Fyuzi, plagi, ethi, floti, kisha balbu. Mpaka hapa hakuna spea iliyonunuliwa, na tayari inajulikana ubovu uko tangini au nje ya tangi.

Kufungua tangi

Petroli ya maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya barafu, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini sakafuni hadi ukutane na cheche iliyo mbali. Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Tangi la gari dogo lina mafuta machache, lakini mvuke wake ni uleule.

Kwa sababu hiyo, taratibu za kufungua hazina mjadala:

- Mafuta yawe chini ya nusu tangi, ikiwezekana chini ya robo.
- Fyuzi ya pampu itolewe, injini iwashwe na kuachwa izime yenyewe. Bomba la mafuta la gari la sindano huwa na msukumo wa karibu baa 3, na likichomoliwa hivihivi humrushia fundi petroli usoni.
- Hasi ya betri itolewe.
- Milango yote iwe wazi, gari liwe nje, na kizimamoto cha unga kiwe karibu. Maji hayafai kwa moto wa petroli.
- Pete ya plastiki inayobana pampu izungushwe kwa kifaa chake au kipande cha mbao. Patasi na nyundo ya chuma hutoa cheche, na pete yenyewe hupasuka.
- Vumbi lililozunguka kichwa cha pampu lifutwe kabla ya kufungua, lisije likaangukia tangini.

Pampu hutolewa kwa kuinamishwa ili mkono wa boya upite bila kupinda. Hapa ndipo floti nyingi nzima huharibiwa na mikono yenye haraka: mkono ukipinda nusu sentimita, geji haitasema kweli tena.

Kinachokutwa ndani

Floti ikiwa mezani, mkono wake unyanyuliwe na kushushwa huku mita ikiwa imeunganishwa. Boya litikiswe sikioni. Likilia majimaji, limetoboka na linazama. Kisha kibao kiangaliwe kwa karibu. Kilicho kizima kina mistari myeusi inayong'aa sawasawa. Kilicholika kina mfereji mwembamba wa rangi ya kijivu pale vidole vilipopita maelfu ya mara, na wakati mwingine mstari umekatika kabisa.

Mara nyingine hakijalika, kimechafuka tu. Sehemu za mguso kwenye floti nyingi zilipakwa madini ya fedha, ambayo hupitisha umeme vizuri lakini hayapatani na salfa. Salfa ikizidi kwenye petroli, fedha hushika utando mweusi usiopitisha umeme. Mei 2004, petroli ya namna hiyo iliingia sokoni kusini mwa Marekani, Florida ikiwemo. Mamia ya vituo vililazimika kusitisha mauzo, na magari mengi yakabaki na geji zisizosema kweli ingawa injini zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida. Baadhi ya magari ya sasa hutumia floti ambazo sehemu yake ya umeme imefungwa kabisa isiguse mafuta, na mkono wa boya husogeza sumaku tu.

Utando huo husafishika. Pamba yenye dawa ya kusafishia mguso wa umeme, au kifutio laini cha penseli, hutosha. Msasa usiguse hapo: mistari ni myembamba mno na itaondoka pamoja na uchafu. Vidole vikiwa vimelegea, huinamishwa kidogo sana ili vikikandamize kibao. Kibao kilicholika hakitengenezeki.

Kabla ya kufunga, oringi ya mpira inayoziba mdomo wa tangi ibadilishwe. Ya zamani huwa imevimba kwa petroli na hairudi kwenye mfereji wake, na gari likijazwa mafuta harufu hujaa ndani hadi watoto wa siti ya nyuma walalamike.

Floti ya gari jingine

Maduka ya spea za mtumba yamejaa pampu zilizokatwa kutoka magari ya Japani, na muuzaji atasema zote zinaingiliana. Kuingia kweli zinaingia. Lakini floti huchongwa kwa kina cha tangi lake na kwa omu za dashibodi yake. Ya Corolla mpya, yenye omu zaidi ya 400 tangi likiisha, haiwezi kuongea na dashibodi inayotarajia 110.

Mfano mchungu wa kosa hili ulitokea angani. Tarehe 6 Agosti 2005, ndege ya ATR 72 ya shirika la Tuninter la Tunisia ilikuwa ikitoka Bari, Italia, kwenda Djerba. Siku moja kabla, mafundi walibadilisha kipimo chake cha mafuta na kufunga cha ATR 42, ndege ndogo ya familia hiyohiyo. Kiliingia bila tabu na kuwaka bila tabu, lakini kilionyesha mafuta mengi kuliko yaliyokuwemo. Injini zote mbili zilizima juu ya bahari, ndege ikatua majini karibu na Sicily, na watu 16 kati ya 39 wakafa.

Kwa gari, tahadhari ni rahisi. Namba ya spea iliyochapwa kwenye floti ya zamani ilinganishwe na ya mpya. Ikishindikana, mnunuzi aende dukani na mita yake, anyanyue mkono wa floti hadi juu na kuushusha hadi chini, aandike omu zote mbili, na azilinganishe na za gari lake. Muuzaji akikataa kupimiwa, aachiwe mzigo wake.

Pale geji inaposema kweli na gari linazima

Lipo kundi la magari ambalo swali la mwanzo lina jibu tofauti kabisa. Subaru Forester na Impreza, pamoja na magari mengine yenye shafti ya kwenda ekseli ya nyuma, yana tangi lililokaa pande mbili za shafti hiyo, na mgongo katikati. Pampu iko upande mmoja. Upande wa pili una kinyonyaji kidogo kinachotumia msukumo wa mafuta yanayorudi kuvuta mafuta kuyavusha mgongo.

Floti ni mbili, kila upande moja, na dashibodi hujumlisha omu zao. Kinyonyaji kikiziba au mpira wake ukichomoka, upande wa pampu hukauka huku upande wa pili ukiwa umejaa. Mshale husema robo au karibu nusu, na hausemi uongo: mafuta yamo, ila hayafiki kwenye injini. Anayebadilisha floti hapa anapoteza hela. Na pampu ikifunguliwa kwa kazi nyingine, mpira huo uhakikishwe umerudi mahali pake.

Zamu ya dashibodi

Balbu ikishindwa kuunyanyua mshale na fyuzi ni nzima, kabla ya kulaumu dashibodi waya wa katikati upimwe toka ncha hadi ncha. Maeneo ya kushuku ni chini ya vizingiti vya milango, palipofungwa redio au alamu, na popote fundi wa bodi alipochomelea.

Dashibodi zenyewe huharibika kwa nadra, na mara nyingi tatizo huwa ni sehemu za kulehemu zilizopasuka kwa joto na mtikisiko wa miaka. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu huzilehemu upya. Kwenye Land Rover za zamani za Series kuna kifaa kidogo kinachoshusha volti za betri hadi 10 kwa ajili ya mshale wa mafuta na wa joto. Kikifa, mishale yote miwili hukosea kwa pamoja, na kifaa hicho ni rahisi kubadilisha.

Kuhakiki kazi

Gereji nyingi huishia pale mshale unaponyanyuka. Kazi iliyokamilika huenda mbele zaidi. Tangi likiwa karibu tupu, mwenye gari huongeza lita 10 kila mara, huzima na kuwasha, husubiri dakika kadhaa mahali tambarare, na kuandika mshale umefika wapi. Tangi la Probox la lita 50 humaliza zoezi hilo kwa mafungu matano. Karatasi hiyo hukaa kwenye boksi la dashibodi.

Sambamba na hilo, hesabu ya kilomita huanza. Tangi hujazwa hadi pampu ijikate, kihesabu cha safari kinarudishwa sifuri, na gari hutumika kama kawaida hadi kujaza tena. Gari lililokwenda kilomita 420 na kuchukua lita 35 linatumia lita 1 kwa kilomita 12. Lita 40 za kwanza za tangi la lita 50 zitalipeleka kilomita 480, na 10 zilizobaki ni akiba. Hesabu hii humsaidia pia anayesubiri spea: kihesabu hukaa mahali pa mshale, na anajaza kabla ya kilomita 400. Kusubiri hadi tangi likaribie kukauka si busara kwa gari lenye pampu ndani ya tangi, kwa kuwa pampu hiyo hupozwa na mafuta yanayoizunguka.

Siku mbili baada ya kufunga, siti ya nyuma inyanyuliwe tena tangi likiwa limejaa. Kidole kipitishwe kuzunguka pete ya pampu na kwenye maungio ya bomba. Kikitoka kikavu na bila harufu, kapeti na siti virudishwe.